Lisemwalo Si Ushahidi: Hotuba juu ya Hadithi Fupi za Upelelezi



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya hadithi fupi za upelelezi, zile zinazotolewa katika magazeti na majarida. Twajua ya kuwa si wote mliokuja hapa kwa moyo mmoja. Wapo wasemao kwamba hadithi hizi ni upuuzi wa kupotezea wakati. Wapo wengine, na hao ndio wakali zaidi, wasemao kwamba zinawafundisha vijana wizi na uuaji, na ya kuwa gazeti la chama lisizipe hata safu moja.

Sisi tunasema sivyo. Tunasema hadithi fupi ya upelelezi, ikiandikwa kwa uaminifu, yamfundisha msomaji jambo ambalo watu wanaojitawala hawana budi kulijua, nalo ni kutomhukumu mtu kabla ya ushahidi. Hilo ndilo neno letu la leo.

Tunayo methali isemayo, Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina hekima yake, lakini imewaponza wengi wasio na hatia. Ng'ombe akipotea, mgeni ndiye mwizi. Fedha za kikundi zikipungua, mweka hazina ndiye aliyezila. Mtoto akifa ghafla, bibi kizee mwenye macho mekundu ndiye mchawi. Ukiuliza nani aliyeona, hapana aliyeona. Kila mtu amesikia. Nasi sote twajua ya kuwa katika nchi yetu, hasa upande wa Ziwa, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho hayo mekundu, ambayo mara nyingi ni kazi ya moshi wa jikoni walikopikia wana na wajukuu miaka hamsini. Kwa hiyo tunaposema juu ya ushahidi, ndugu zetu, hatusemi juu ya mchezo.

Tuanze na mwanzo wa hadithi hizi. Mwezi wa Aprili mwaka 1841, katika mji wa Philadelphia, Marekani, jarida liitwalo Graham's Magazine lilitoa hadithi ya Edgar Allan Poe, jina lake The Murders in the Rue Morgue. Hadithi yenyewe inatokea Paris. Wanawake wawili, mama na binti yake, wameuawa vibaya chumbani mwao usiku, na mlango umefungwa kwa ndani. Polisi wanamkamata karani mmoja wa benki aitwaye Le Bon. Kosa lake nini? Siku tatu kabla ya mauaji alimsindikiza yule mama nyumbani, akambebea faranga 4,000 za dhahabu alizozitoa benki. Basi yatosha! Aliyebeba fedha ndiye aliyeua.

Katika darasa letu la jioni tulisoma hadithi hii kwa sauti, tukiifasiri kwa Kiswahili, tukasimama hapo anapokamatwa Le Bon. Tukauliza: Je, mnasemaje, ndiye au siye? Mikono karibu yote ikapanda juu: ndiye! Mmoja akasema makarani wote ni namna hiyo. Ndipo mama mmoja, muuza vitumbua, ambaye siku zote hukaa nyuma kimya, akasema: "Walimu, mlipokuwa mkisoma mlisema mifuko ya dhahabu ilikutwa sakafuni. Mwizi gani huyo anayeua watu wawili kwa ajili ya fedha, kisha akaenda zake akaziacha?" Darasa zima likanyamaza. Kweli maneno hayo yalikuwa yamesomwa, na kila mtu aliyasikia, lakini kwa kuwa tayari walikwisha kumpata mwizi wao, hapana aliyeyashika.

Hilo ndilo funzo lenyewe, wala hatukulifundisha sisi, bali hadithi. Mwandishi aliiweka dalili mbele ya macho ya watu wote. Mwenye haraka aliipita. Mwenye subira aliiokota.

Tena kuna jambo la pili katika hadithi hiyo hiyo. Mashahidi waliokuwa ngazini walisikia sauti mbili ndani ya chumba. Moja wote wakakubaliana kwamba ni ya Mfaransa. Ya pili kila mmoja alikuwa na lake. Mholanzi akasema ilikuwa Kifaransa, naye Kifaransa hakijui hata akahitaji mkalimani. Mwingereza akasema Kijerumani, naye Kijerumani hakijui. Mspanyola akasema Kiingereza, naye hakijui. Mwitalia akasema Kirusi, wala hajapata kuzungumza na Mrusi maishani mwake. Mwaona, ndugu zetu? Kila mtu aliposikia ubaya nyuma ya mlango alimtwisha mgeni, tena mgeni asiyemjua. Mpelelezi Dupin hakuchagua mmoja kati ya wageni hao. Aliuliza swali ambalo hapana aliyelifikiri: kama hapana hata mmoja aliyetambua neno moja, tuna hakika gani ya kuwa sauti ile ilikuwa ya lugha yo yote? Jibu lake hatutawaambia. Itafuteni hadithi mkasome wenyewe.

Baada ya miaka 50 hadithi za namna hii zikapata nyumba kubwa huko Uingereza. Mwezi wa Januari mwaka 1891 bwana mmoja, George Newnes, alianzisha The Strand Magazine mjini London, akaliuza kwa peni sita, yaani nusu ya bei ya majarida mengi ya wakati ule. Watu walilinunua katika stesheni za gari moshi wakalisoma njiani. Mwezi wa Julai mwaka ule ule likaanza kutoa hadithi fupi za Sherlock Holmes, zilizoandikwa na daktari mmoja, Arthur Conan Doyle. Daktari huyu alikuwa ametambua jambo la maana kwa kila mwenye gazeti. Hadithi ndefu ya kukatwa vipande humkosesha raha msomaji aliyekosa toleo moja. Bali hadithi fupi zenye mpelelezi yule yule, kila moja ikiisha katika toleo lake, humfaa hata asiye na fedha ya kununua kila mwezi. Mpaka alipoacha kuandika zilitimia hadithi fupi 56 za Holmes na ndefu 4. Mwaka 1893 alipomwua Holmes kwa kumtumbukiza katika maporomoko ya maji, wasomaji walighadhibika kana kwamba wamefiwa na ndugu, na baada ya miaka michache mwandishi akalazimika kumrudisha.

Sasa sikilizeni jambo lililotokea si katika hadithi bali katika dunia hii. Katika wilaya ya Staffordshire, Uingereza, alikuwako wakili kijana, George Edalji. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, Mhindi wa asili ya Bombay. Mama yake Mwingereza. Mwaka 1903 farasi na mifugo mingine ya kijiji chao, Great Wyrley, ilikatwakatwa matumbo usiku na mtu asiyejulikana. Kukaja barua zisizo na jina. Lisemwalo lipo! Macho yote yakaelekea nyumba ya Mhindi. Kijana akashitakiwa kwa kumjeruhi farasi mdogo, akahukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Naye akiwa gerezani, mifugo iliendelea kukatwa. Watu maelfu walitia sahihi zao kumwombea haki. Mwaka 1906 akafunguliwa, lakini hakuambiwa kwamba hana kosa, wala hakurudishiwa uwakili wake.

Alimwandikia Conan Doyle. Daktari alipokwenda kuonana naye hotelini alimkuta ameketi anasoma gazeti, ameliinua karibu ligusane na uso. Conan Doyle alikuwa amesomea magonjwa ya macho. Akatambua mara moja ya kuwa macho ya kijana huyu ni mabovu sana. Akajiuliza: Je, mtu wa macho haya, usiku wa giza, awezaje kuvuka mashamba, kuruka nyua na reli, kumfuata mnyama, na kurudi asionekane? Mwezi wa Januari mwaka 1907 akaandika katika gazeti la Daily Telegraph akaipangua kesi nzima, dalili kwa dalili. Mwaka huo huo Edalji akasamehewa, ingawa hakulipwa hata senti moja kwa miaka 3 aliyopoteza, na akarudishiwa uwakili. Na mwaka huo huo Uingereza ikaunda Mahakama ya Rufani ya Makosa ya Jinai, ambayo haikuwako zamani, na kesi hii ilikuwa moja ya sababu.

Basi yule asemaye kwamba kusoma hadithi za upelelezi ni kupoteza wakati, twamwomba amwulize George Edalji.

Lakini, ndugu wanachama, hatukuja hapa kuimba sifa za Ulaya. Mwandishi huyo huyo aliyemtetea Mhindi aliandika mambo mengine ya aibu. Katika The Sign of Four, iliyotoka mwaka 1890, mtu wa visiwa vya Andaman ameandikwa kama mnyama mkali, mtu mfupi mwenye mishale ya sumu asiye na la kusema. Na katika The Adventure of the Three Gables, hadithi fupi ya mwaka 1926, anaingia mwanamasumbwi mweusi, naye Holmes anamdhihaki kwa sura yake na midomo yake. Ukitazama utaona mpelelezi huyo mwenye akili zote hapo hakupeleleza kitu. Amerudia tu lililokwisha kusemwa mitaani. Na majarida ya bei rahisi ya siku zile yalijaa Wachina waovu, hata mwaka 1929 kasisi mmoja, Ronald Knox, ambaye mwenyewe alikuwa mwandishi wa hadithi hizi, alipotunga kanuni 10 za hadithi ya upelelezi kwa nusu mzaha, alitia moja inayokataza kumwingiza Mchina. Alichoka na uvivu wa waandishi ambao kila wakikosa mkosaji walimwendea mgeni. Kanuni zake nyingine ni za maana hata kwetu: mkosaji awe ametajwa mapema, mapepo na miujiza isiingizwe, na mpelelezi asifiche dalili yo yote aliyoiona, bali amwonyeshe msomaji hapo hapo.

Kule Marekani nako jarida la Black Mask, lililoanzishwa mwaka 1920, lilikuza hadithi za namna nyingine, kavu na ngumu. Mwandishi wake mkubwa, Dashiell Hammett, alikuwa amefanya kazi ya upelelezi katika kampuni ya Pinkerton. Katika hadithi zake, alizoanza kuzitoa humo katika miaka ya 1920, mkosaji si kibaka wa mtaani peke yake. Humo mna mji ambao tajiri, mkuu wa polisi na jambazi wamekula sahani moja. Funzo lake ni kwamba ushahidi haupaswi kusimama kwenye mlango wa mkubwa.

Mbegu hizo zikaruka bahari zikaota Afrika. Mwaka 1951 huko Afrika Kusini lilianzishwa jarida la Drum, ambalo lilihamia Johannesburg na kuandikwa kwa wingi na Waafrika wenyewe. Mwaka 1953 kijana mmoja, Arthur Maimane, akitumia jina la Arthur Mogale, alianza kutoa humo hadithi za mpelelezi Mwafrika, kwa mtindo ule mkavu wa Kimarekani. Wako watakaosema hilo ni jambo dogo. Si dogo! Kumbukeni nchi ilikuwa ya namna gani. Sheria ya mwaka 1952 ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kubeba kitabu cha pasi, na polisi aliweza kumsimamisha po pote na kumwuliza atokako na aendako. Maana yake Mwafrika alikuwa mtuhumiwa tangu anapoamka hata anapolala. Katika kurasa za Drum mtuhumiwa huyo akageuka kuwa ndiye anayeuliza maswali.

Na katika jarida hilo hilo hadithi na kazi vilikwenda pamoja. Henry Nxumalo, ambaye wasomaji walimwita Bwana Drum, alikwenda mwaka 1952 kwenye mashamba ya Bethal akaeleza jinsi vibarua walivyotendewa kama watumwa. Baadaye akatembea usiku bila pasi makusudi ili akamatwe, akafungwa, na mwaka 1954 jarida likaeleza yaliyokuwa yakifanywa ndani ya gereza, pamoja na picha. Hakusema "twasikia." Alisema "nimeona." Kabla ya miaka ya 1950 kwisha aliuawa akiwa katika upelelezi mwingine. Na mwaka 1966 serikali ya makaburu ilipiga marufuku maandishi ya waandishi wengi waliotoka Drum, miongoni mwao Can Themba na Bloke Modisane. Serikali haiogopi upuuzi, ndugu zetu. Huogopa watu waliojizoeza kuuliza ushahidi.

Sisi wa Kiswahili hatukubaki nyuma. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alikuwa mtu wa magazeti, akawa mhariri wa gazeti la Mkulima. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikatolewa kitabu mwaka 1960. Humo tajiri mwenye shamba akutwa amekufa mzimuni. Wengine wanaona mkono wa mzimu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, haudharau mzimu wala hauogopi. Anatazama tu, anauliza, anapima. Tazameni basi: wakati ambapo ingekuwa rahisi kusema ni mambo ya wazee wa kale na kufunga mjadala, mwandishi wetu aliweka mtu wa kuuliza. Baada yake Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na tangu hapo wengine wengi wakafuata. Hata hadithi za picha zikaja: mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Afrika Mashariki na Magharibi walikuwa wakiazimana jarida la African Film lenye mpelelezi Lance Spearman mpaka kurasa zikachanika.

Lakini angalieni: nyingi za kazi zetu ni vitabu. Vitabu ni vyema, lakini kitabu kina bei yake. Hadithi fupi katika gazeti humfikia hata asiyenunua, kwa maana gazeti moja husomwa na kinyozi, mteja wake, na jirani wa mteja, kisha hufungiwa karanga likasomwa mara ya nne.

Tunarudi kwa wasemao kwamba hadithi hizi zafundisha wizi. Tunawajibu kwa heshima. Mwizi hakungoja gazeti. Wizi ulikuwako kabla ya uchapaji. Hata hivyo ziko hadithi ambazo hazina lo lote ila damu na miguu ya wanawake kwenye jalada, nazo hatuzitetei. Tunazitambuaje? Sisi tunazipima kwa mambo matatu. La kwanza, je, dalili zote zimewekwa mbele ya msomaji, au mwandishi amezificha ili ajionyeshe hodari? La pili, je, mkosaji amejulikana kwa alilotenda, au kwa kabila lake, rangi yake, ulemavu wake au umaskini wake? La tatu, je, mtu aliyetuhumiwa bure amesafishwa mbele ya watu, au ameachwa na doa lake? Hadithi ikishinda katika hayo matatu, mpe kijana wako aisome, na wewe msomee mama yako.

Mwisho tunatoa mashauri mawili. Kwanza, kila tawi lenye darasa la kusoma lichague hadithi moja fupi kila mwezi. Isomwe kwa sauti, ili wasiojua kusoma washiriki sawa na wengine. Isimamishwe kabla ya jibu. Kila asemaye "ni fulani" aulizwe "kwa dalili gani?" na asiye na dalili akae chini bila kuchekwa. Pili, wenye kalamu waandike. Hapana haja ya London wala Chicago. Ghala la pamba lililopungua magunia, barua isiyo na jina iliyobandikwa msikitini, daftari la ushirika lililong'olewa ukurasa, hizo zatosha. Wahariri nao watafute nafasi, hata kama ni kupunguza tangazo moja.

Maana siku itakuja, ndugu wanachama, ambapo haitakuwa hadithi. Fedha zitapungua kweli, au mtoto atakufa kweli, na watu watakusanyika kwa hasira wakitaja jina. Siku hiyo hatutakuwa na nafasi ya kuanza kujifunza. Itatosha akiwako mtu mmoja katika umati, pengine mama wa vitumbua, wa kuinuka na kuuliza: Nani aliyeona? Na wale wengine wawe wamezoea kunyamaza na kumsikiliza.